Majibu bado: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya

Kwa Waziri wa Afya. Waziri wa Nchi anayeshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Mganga Mkuu wa Serikali. Waganga Wakuu wa Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Na wakurugenzi wa hospitali zote zinazopokea wagonjwa wa rufaa huku kaskazini.

YAH: MATIBABU YA MAUMIVU KWA MGONJWA ANAYESUBIRI MAJIBU YA VIPIMO

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Arusha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa jijini, ni mama, ni mwanachama wa bima ya afya, na ni mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujapata jina.

Nitangulize ombi, ili hata atakayeishia mistari hii awe amelipata. Mgonjwa akichukuliwa kipimo, aambiwe kwa maandishi majibu yatatoka lini na atayapata kwa njia gani. Na maumivu yake yaanze kutibiwa siku hiyo hiyo, bila kungoja majibu. Ni hayo mawili.

Sikuandika kulalamikia uhaba wa mashine. Hatua iliyopigwa naiona. Vipimo ambavyo mama yangu angevifuata Dar es Salaam kwa basi la usiku, mimi nimepimwa huku huku kaskazini. Wala siwasemi vibaya wauguzi. Nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali muda wa kutosha kuona nesi mmoja anavyogawanywa na wagonjwa wa chumba kizima, na nimeona wengi wakifanya kazi hiyo kwa upole ambao mshahara wao hauwadai. Ninachowaletea ni jambo dogo kwa gharama na kubwa kwa sisi tunaoumwa, nalo ni ule muda ulio katikati: umeshatoka mikononi mwa daktari, hujafika kwenye tiba, na hakuna mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kukuangalia.

Maumivu yangu yalianza mwaka jana kwenye nyonga ya kulia. Mwanzoni nyonga ilikuwa inakaza asubuhi, ikifika saa nne nimeshasahau. Baadaye hayakungoja asubuhi. Yakapanda kiunoni, yakashuka nyuma ya paja hadi kisiginoni. Mara yanafukuta, mara yanachoma, mara mguu wote unakufa ganzi nikiwa nimesimama ubaoni mbele ya watoto wa darasa la nne. Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka Meru, kugeuka kitandani ni kazi ya awamu: kwanza mabega, kisha kiuno, kisha nauinua mguu kwa mikono miwili niupeleke upande wa pili.

Kila nilipokwenda, nilipewa jina la haraka. Mahali pa kwanza nilikutwa na taifodi na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Pa pili, UTI na taifodi. Wasomaji wenzangu wa Tanzania hawahitaji maelezo hapo, karibu kila mtu mzima ninayemfahamu amewahi kukutwa na hayo mawili kwa pamoja, akatoka na mfuko wa dawa. Kipimo cha Widal, ambacho bado kinatumika sana kutafuta taifodi, kilibuniwa mwaka 1896. Kinaangalia kingamwili zilizomo kwenye damu, kwa hiyo mtu aliyepata maambukizi hayo zamani, au mengine yanayofanana nayo, anaweza kuonekana anaumwa leo. Hata huku kwetu jambo hili la jina la haraka lisilo sahihi limeshapimwa. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria. Walioumwa malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na mambo ambayo hayakuwa yakitafutwa, yakiwemo magonjwa ya mifugo kama brusela, ambayo mtu huyapata kwa maziwa yasiyochemshwa na ambayo huuma viungo na mgongo kwa miezi.

Sisemi hivyo kumsuta daktari. Mwenye foleni ndefu mlangoni anaona vigumu kutamka "sijui bado", na mgonjwa naye hataki kuondoka mikono mitupu. Lakini jina la haraka lina bei. Mimi nililipa kwa miezi ya antibayotiki, na kila dozi ilipokwisha nilibaki na nyonga yangu ile ile.

Hatimaye nilikutana na daktari kijana aliyenilaza, akaukunja mguu, akagonga goti, akauliza nilikulia wapi na tulikunywa maji gani, akakaa kimya kidogo, akasema, "Mwalimu, sijui. Tutafute." Sijawahi kushukuru neno la daktari kama nilivyolishukuru hilo. Eksirei ikaonyesha kivuli kwenye mfupa. MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ikahitaji kibali cha bima, kibali kikaja. Kisha wakanichoma sindano nene na kuchukua kipande cha mfupa wenyewe. Sehemu moja ilikwenda kwa daktari wa patholojia. Nyingine ilikwenda kuoteshwa, kutafuta vimelea vya kifua kikuu, maana TB haikai kwenye mapafu peke yake. Huingia hata kwenye uti wa mgongo na nyonga.

Tangu siku hiyo jibu la dirishani ni moja. "Majibu bado, mwalimu. Pita wiki ijayo."

Sababu za kuchelewa zipo, na ni za kweli. Kipande cha nyama kikifika maabara hukaa kwanza kwenye fomalini, huondolewa maji, huzamishwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hupakwa rangi, ndipo daktari akiangalie kwa hadubini. Mfupa haukatiki na kisu hicho mpaka utolewe madini kwanza kwa asidi, polepole, kwa sababu ukiharakisha unaharibu chembe ulizotaka kuziona. Vimelea vya TB navyo havina haraka. Bakteria wa kawaida wa tumboni, akiwa mahali panapomfaa, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Huyu wa TB huchukua karibu siku nzima. Ndiyo maana mashine ya GeneXpert inaweza kutoa jibu ndani ya saa mbili, lakini kilichooteshwa husubiriwa wiki sita hadi nane kabla mtu hajathubutu kuandika kwamba hakuna kitu.

Haya yote nilielezwa na mtaalamu wa maabara niliyeketi naye kwenye daladala. Sikumfahamu. Aliona bahasha ya picha mapajani mwangu, akanipa pole, tukaanza kuzungumza. Tulipanda Tengeru, na tulipofika Usa River nilikuwa nimeelewa. Nilishuka na maumivu yale yale, ila kifua kilikuwa chepesi. Nilikuwa nimeshaamini kwamba mfupa wangu umepotea, au kwamba jibu limeonekana baya na wanaogopa kuniambia. Waheshimiwa, maelezo ya mwendo wa Tengeru hadi Usa River yalishindikanaje kutolewa pale nilipochomwa sindano?

Nimesikia hoja kwamba mgonjwa akipewa tarehe na tarehe ikapita, atakuja na hasira. Labda. Lakini mgonjwa asiye na tarehe yoyote huja kila wiki, akiacha kazi, akilipa nauli, akijaza benchi ambalo mwingine angelikalia, na hasira anayo vile vile. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, walichapisha jaribio ambalo nimelisoma na kuwasomea wenzangu ofisini kwa walimu. Watu 45 walicheza mchezo wa kompyuta wa kubahatisha chini ya jiwe lipi kuna nyoka. Nyoka akitokea, mchezaji anapigwa shoti ya umeme mkononi, yenye maumivu. Wakapima jasho lao na mboni za macho. Waliohangaika zaidi hawakuwa wale waliojua kwa hakika kwamba watapigwa. Walikuwa wale ambao nafasi yao ilikuwa nusu kwa nusu. Aliyejua kuwa shoti inakuja alitulia kuliko asiyejua.

Nusu kwa nusu ndiyo nyumba yangu kwa sasa. Mume wangu hatamki neno saratani, mimi pia silitamki, na watoto wameshatambua kwamba kuna neno halitamkwi. Simu ikiita namba nisiyoijua, wote tunanyamaza. Masika ilipokaribia sikujua kama nilime shamba letu la King'ori au nilikodishe. Sikujua kama nichukue mkopo wa ada au nitunze fedha za matibabu. Watu wanadhani anayesubiri amepumzika. Anayesubiri anafanya maamuzi kila siku, ila anayafanya gizani.

Na giza hilo lina mkono wake kwenye maumivu yenyewe. Usingizi ukikatika, kesho yake nyonga inauma zaidi. Hofu ikipanda, misuli ya kiuno inakaza na mguu unawaka. Hilo si jambo la kuwazia. Mwaka 1983 mwanasayansi Clifford Woolf alionyesha kwamba uti wa mgongo unaopokea ishara za maumivu mfululizo unaweza wenyewe kuwa mwepesi kupita kiasi, ukaanza kupaza hata mguso mdogo. Maumivu yakikaa muda mrefu, mwili unajifunza kuuma. Kila mwezi tunaokaa bila tiba ya maumivu, kwa sababu eti majibu hayajatoka, ni mwezi wa mafunzo hayo.

Kazini tatizo ni karatasi. Daktari ataandika ED, ruhusa ya kupumzika kazi, ya siku mbili tatu kwa malaria bila kusita. Kwa maumivu yasiyo na jina kalamu inasimama. Mwalimu mkuu wangu ananihurumia, amenipa kiti cha kukalia darasani na watoto wananifutia ubao, Mungu awabariki. Lakini naye ana Afisa Elimu Kata juu yake, na Afisa anauliza mwalimu anaumwa nini. Anaumwa nini! Swali hilo hilo ndilo nililolipeleka hospitali. Mtumishi wa umma anayesubiri majibu ya kipimo kikubwa angestahili barua rasmi ya hospitali inayosema kwamba yuko kwenye uchunguzi, kwamba maumivu yake yanatambuliwa, na ni kazi gani apunguziwe kwa muda gani. Barua hiyo haihitaji jina la ugonjwa. Na fundi cherehani, mama lishe na dereva wa bajaji, ambao hawana mwalimu mkuu wa kuwahurumia, wangeihitaji kuliko mimi, walau wamwonyeshe mwenye nyumba.

Nyumbani nako kuna swali la aina yake. "Wifi, mbona unaonekana mzima?" Ni wifi yangu aliyeniuliza, na hakusema kwa ubaya. Nilikuwa nimepaka mafuta, nimevaa kitenge kizuri, nimekwenda kwenye kipaimara cha mtoto wake na nimecheka na watu. Hakuona kwamba nililala siku mbili kuilipia siku hiyo moja.

Kwenye benchi nimekutana na wengi. Mmoja ni binti wa upande wa Kwa Mrombo, anamsaidia mama yake kuuza chakula. Tangu avunje ungo, kila mwezi analala chini kwa maumivu ya tumbo na kiuno hadi anatapika. Ameambiwa na mashangazi, na akaambiwa na mtu aliyevaa koti jeupe pia, "ukizaa yataisha." Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba endometriosi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ndani ya mji wa mimba huota nje yake, inawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani kama milioni 190 duniani. Hutambuliwa baada ya miaka, na kuzaa si tiba yake. Sijui kama binti huyu anaumwa hicho, mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba aliniambia picha yake ya ultrasaundi ilitoka safi, na alilia alipoambiwa hana kitu. Alilia kwa sababu "huna kitu" ndilo neno alilorudi nalo nyumbani kwa watu waliokwisha kusema anadeka.

Hapa ndipo ningependa Wizara isimame kidogo. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, ikaanza kutumika Januari 2022. Ndani yake maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu yana nafasi yake na namba yake. Yanaweza kuandikwa kwenye faili kama tatizo la kiafya kwa haki yake, hata pale ambapo hakuna ugonjwa mwingine uliopatikana. Kipimo safi hakimaanishi mgonjwa ni mwongo. Kinamaanisha kilichotafutwa hakipo pale kilipotafutwa. Fundisheni hilo vyuoni, na kwenye semina za kazini za matabibu wa zahanati. Daktari awe na la kuandika na la kusema zaidi ya "huna kitu, nenda kapumzike."

Na nyinyi wa Arusha na Kilimanjaro, mna deni la ziada, kwa sababu ya maji yetu. Nilikulia upande wa Maji ya Chai. Meno yangu ni ya kahawia kama ya wenzangu wengi wa huko, na mjini tumezoea kutambulika kwayo. Mlima Meru ni wa volkano, na chemchemi na mito yake mingi hubeba floraidi nyingi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi viwango vya nchi yetu viliruhusu hadi 4, na vipo vyanzo vinavyopita hapo. Magadi tunayotia kwenye makande na maharage nayo huongeza. Kinachofahamika zaidi ni meno, lakini floraidi hujijenga kwenye mifupa pia, ikaifanya mizito na migumu, ikakaza viungo na mgongo. Madaktari Grech na Latham walichapisha habari za madhara ya floraidi kwa watu wa kaskazini mwa Tanganyika tangu mwaka 1964. Tuna kituo cha Ngurdoto kinachoshughulika na kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Tuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, ambako Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio la maji lililompa tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Elimu ya jambo hili imetuzunguka, halafu mtu wa Meru anaingia na maumivu ya mifupa, anazunguka kwa miezi, na hakuna anayemuuliza alikunywa maji gani utotoni. Mimi niliulizwa mara moja, na yule kijana. Swali la maji na swali la maziwa yasiyochemshwa yawe kwenye fomu ya kila mgonjwa wa viungo na mgongo katika mikoa hii miwili. Hayahitaji bajeti.

Sasa dawa. Kwa kuwa hospitali inangoja majibu, tunajitibu. Duka la dawa muhimu liko kila mtaa, na diklofenaki, dawa ya maumivu, inauzwa kwa bei ya soda. Nawajua walimu wanaoimeza kila siku kabla ya kupanda daladala. Nawajua wanaochanganya diklofenaki na ibuprofeni, wakidhani ni dawa mbili tofauti za kusaidiana, kumbe ni za familia moja, na zote mbili zikitumiwa kiholela hutoboa tumbo na kuumiza figo. Hakuna aliyewaambia. Parasetamoli yenyewe, ambayo tunaichukulia kama karanga, ikizidi gramu 4 kwa siku inaweza kuharibu ini. Mgonjwa anayetoka na karatasi ya "rudi kwa majibu" angeweza kutoka na maelekezo ya dawa gani anywe, kiasi gani, kwa muda gani, na ipi asiiguse. Zipo dawa za zamani na za bei nafuu kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kama amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, ambazo tabibu anaweza kuzianza huku vipimo vikiendelea. Nilipoanzishiwa mimi, nililala. Nyonga haikupona, ila nililala, na mtu aliyelala anaweza kufundisha.

Kilichonisaidia zaidi hakikuwa kidonge. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, aliyeniuliza naogopa nini. Nikamwambia naogopa kutembea, nisije nikauvunja mfupa. Akaangalia picha zangu, akawasiliana na daktari, akarudi: "Mama, kutembea taratibu hakutauvunja. Unachokihisi ni kengele, nayo inalia kuliko moto wenyewe." Akanipangia mwendo mfupi, wa kuongeza kidogo kidogo, siku nzuri nisizidishe na siku mbaya nisiache kabisa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu sugu ya kiuno katika huduma za msingi, nao unasisitiza hayo hayo: elimu kwa mgonjwa, mazoezi, huduma ya kisaikolojia kwa anayeihitaji, na tahadhari na dawa zinazodhuru. Hospitali ya KCMC ya Moshi imekuwa ikifundisha wataalamu wa fiziotherapia tangu miaka ya 1970. Wapo. Waajirini vituo vya afya, wasiishie hospitali za rufaa ambako mgonjwa anawafikia akiwa ameshakakamaa.

Nchi yetu pia ina watu wanaojua kutuliza maumivu makali. Wako kwenye tiba shufaa, huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mkubwa. Nimemuuguza shangazi yangu kwa saratani, na timu iliyokuja nyumbani ilimuuliza kila mara: unaumwa kiasi gani leo, dawa ya jana ilikushika kwa muda gani, umelala? Alikufa bila kupiga kelele. Nawashukuru hadi leo. Lakini ni lazima mtu awe anakufa ndipo aulizwe maswali hayo? Wale wauguzi wa tiba shufaa wapeni siku moja kwa wiki wakae kliniki ya wagonjwa wa nje, wawafundishe wenzao kuuliza. Kuuliza tu, na kuandika kwenye faili.

Mkichelewa, kuna wengine hawachelewi. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha shilingi 500. Viongozi walikwenda, madereva wa malori walikwenda, na wagonjwa wengine walifia njiani. Tulisema mengi juu ya imani ya watu wale. Mimi siwezi kuwacheka. Naamini wengi walikuwa watu ambao hospitali ilikuwa imewaambia "subiri" bila kuwaambia hadi lini, na mtu mmoja akatokea akawaambia njoo leo.

Narudi kwenye tarehe, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko yote. Kila mwaka Baraza la Mitihani husahihisha mitihani ya watoto zaidi ya milioni moja wa darasa la saba, na mzazi aliyeko Longido anayaona matokeo kwenye simu. Nikilipia kipimo kwa kontroo namba, ujumbe wa malipo unaingia kabla sijairudisha simu kwenye mkoba. Kwa hiyo namba yangu mnayo. Nitumieni ujumbe kwamba sampuli imefika maabara, na mwingine kwamba majibu yako tayari. Yakichelewa, niambieni yamechelewa, hadi lini. Ujumbe usitaje ugonjwa, maana simu za nyumbani hushikwa na wengi. Majibu yenyewe yasemwe ana kwa ana, na daktari, mlango ukiwa umefungwa. Kwenye kuta za hospitali pamebandikwa Mkataba wa Huduma kwa Mteja, unaosema mgonjwa atasubiri muda gani kumwona daktari. Ongezeni hapo muda wa kila kipimo: damu, picha, nyama, mfupa, kuotesha. Na pawe na muuguzi mmoja katika kila hospitali ya rufaa, mwenye simu ya ofisi, ambaye sisi tunaosubiri ni wagonjwa wake.

Kwa Waziri wa Afya nina neno moja la peke yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wakati kitita cha mafao kinapangwa na kurekebishwa, hakikisheni fiziotherapia ya maumivu sugu na ushauri wa kisaikolojia vimo, na kwamba haviombi kwanza jina la ugonjwa ndipo vilipiwe.

Majibu yangu bado hayajatoka ninapoandika. Yakija kwamba ni TB, nitashukuru, kwa kuwa ina dawa na dawa hizo hutolewa bure. Yakija kwamba ni saratani, najua kuna mlango wa kuingilia, na kuna watu nyuma yake. Yakija kwamba ni floraidi, nitajua cha kuwafanyia wanangu kuhusu maji. Ila yanaweza pia kuja safi, nami nikabaki na nyonga inayowaka na karatasi inayosema sina kitu. Kwa mgonjwa huyo wa nne hamjaandaa chochote. Mwandalieni sasa, kabla karatasi yake haijatoka.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Jiji la Arusha